Vyumba Tisa vya Mwalimu Shabani

Mama tulimzika Alhamisi, na udongo wa kaburi haujakauka, Mwalimu Shabani alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, simu ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akiwaeleza waombolezaji bei ya dhahabu itakavyokuwa mwakani. Ana miaka themanini na ushei. Macho hayaoni vizuri, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini ile sauti, ile sauti bwana, haijazeeka hata siku moja. "Andikeni," alikuwa akisema, kidole juu, "andikeni halafu mje mniulize." Na vijana wa Kerende, kijiji jirani, ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ninaotaka kuueleza hapa, walikuwa wamevuta viti karibu. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la maandazi. Nikasimama nikajiuliza kama nimpige nalo au nimkaribishe. Nikamkaribisha. Ni mgeni, na mzee wa umri ule alikuwa ametoka Bomani mpaka kwetu Nyangoto juu ya pikipiki, kwa ajili ya mama. Lakini nilikuwa na hasira, sitaficha. Ilikuwa hasira ya miaka zaidi ya ishirini, na nusu yake, kama nitakavyosema, ilinihusu mimi mwenyewe.

Hakuweza kurudi mjini siku ile, kwa hiyo tukampa chumba cha nje alale. Ni chumba cha udongo, bati lake limeliwa na kutu, na hapa nyumbani kinaitwa "cha tisa". Wanangu wamewahi kuuliza vile vinane viko wapi, nikawaambia waulize bibi yao, na bibi yao akawaambia waniulize mimi. Ndani kuna kitanda cha kamba, magunia mawili ya ulezi, mpini wa jembe usio na jembe, na kalenda ya kanisa ya mwaka uliosahaulika. Nilipokuwa chuoni, na hata nilipoanza kazi ya uuguzi, nikija nyumbani nililala humo, nikiamka nywele zimejaa vumbi la ukuta. Baadaye nikamjengea mama nyumba ya tofali, nikamwambia, "Mama, sasa hiki kibomolewe, kinatia aibu kiwanja." Akaniangalia. "Aibu ya nani?"  Jibu nilikuwa nalo, nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Sitaeleza ukoo wangu wala baba alikufaje. Hayo yana siku yake. Inatosha kujua kwamba mwaka ule tulikuwa wawili nyumbani, mama na mimi, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina barua ya kuitwa chuo cha uuguzi ndani ya bahasha ya kaki, na ada sina. Bahasha ile niliiweka chini ya godoro, nikiitoa kila baada ya siku mbili tatu kuhakikisha jina langu bado limo. Huku nasubiri muujiza, nikapata kazi kwa Mama Nyangi, mwenye mgahawa pale senta ya Nyangoto. Ulikuwa chumba kimoja kirefu, ukuta wa kijani mpaka kiunoni halafu mweupe, mabenchi manne, na meza zenye vitambaa vya nailoni vilivyochorwa zabibu na matofaa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaweka mdomoni. Asubuhi chai ya maziwa na chapati. Mchana ugali na dagaa. Siku za mnada tulipika kichuri, nyama ya mbuzi iliyotiwa uchungu wa matumbo yake yenyewe, ambayo wageni huonja kwa heshima halafu wanaisukuma polepole upande wa pili wa meza. Mwalimu Shabani, mtu wa Tabora, alipoletwa shule yetu ya msingi, alipewa kichuri siku ya kwanza, akala chote, akaomba nyongeza. Watu walimpenda kabla hajafungua mdomo kusema jambo lolote.

Na alipoufungua, aisee, haukufungwa tena. Mwaka ule alikuwa amekaribia kustaafu. Akitoka darasani alikuja moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, gazeti la jana mkononi, redio ndogo ya mbao kando ya kikombe, na wachimbaji, wafugaji, karani wa kijiji, wote walijipanga pale wamsikilize. Alijua mambo ya Dar es Salaam, alijua ya Nairobi, alijua viongozi wa dunia waliambiana nini wakiwa wamefunga mlango. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinafika wilayani, na mtu mmoja akamuuliza kama zitaenea. Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika. "Simu ni ya mfanyabiashara. Mkulima wa Nyangoto atampigia nani? Atalipigia shamba? Mwaka mmoja tu mtaziona watoto wanachezea. Andikeni halafu mje mniulize." Tulicheka sote. Hakuna aliyeandika, na kwa sababu hakuna aliyeandika, hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kwangu mwaka ule ulianza Oktoba, na uchaguzi. Diwani wetu wa wakati huo alikuwa na ng'ombe wengi, ndugu wengi, na kila mtu aliapa kwamba hang'oki. Mwalimu peke yake akasema anaanguka. "Kerende inamwangusha," akasema, akipiga meza, "na anaanguka vibaya." Walimzomea. Kura zikahesabiwa, diwani akaanguka, na sanduku lililommaliza lilitoka Kerende. Kesho yake Mwalimu alipoingia mgahawani, wanaume wazima walisimama. Niliona kwa macho yangu karani akifuta benchi kwa mkono wa shati lake. Toka siku hiyo hakuitwa Mwalimu tu, aliitwa Mchambuzi, na redio moja ya mkoani ikaanza kumhoji kila Jumapili jioni, kwa simu ya mkononi ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, ile ile simu ambayo alisema haikuwa na maisha. Mama Nyangi ndiye pekee hakutetemeka. Alikuwa akisukuma chapati, hakuinua hata kichwa. "Kapatia mara moja," akaniambia. "Hata wewe Ghati kuna siku chapati yako inatoka mviringo."

Nikifikiria sasa, ule ushindi wa Kerende ndio uliotuharibia. Angekosea pale tungebaki tunacheka na chai yetu. Siku hizi hapa wodini manesi vijana wananionyesha kwenye simu zao watu waliovaa tai, kila mmoja ana uhakika wake, huyu anasema shilingi inakufa, yule anasema inafufuka, na nawaona wasichana wangu wanavyotikisa vichwa, wanaamini kwa sababu yule mtu aliwahi kupatia kitu kimoja zamani. Mimi huwa nawauliza, huyo bwana ana shamba? Wananicheka. Wanasema dada mkuu kazeeka.

Baada ya uchaguzi alituambia tusiuze mahindi. Wakenya wataingia kwa wingi kupitia mpaka wa Sirari mwezi wa pili, akasema, na nyinyi ndio mtapanga bei. Watu wakafungia magunia ndani. Mwezi wa pili Wakenya hawakuja, kumbe nao walikuwa wamevuna vizuri tu, na dumuzi wakala mahindi yetu mpaka magunia yakabaki unga. "Soko limesita," Mchambuzi akaeleza, bila hata kukohoa. "Halijakataa. Limesita." Ungedhani tungeshtuka hapo. Lakini hapo tulikuwa tumeshaingia kwenye jambo kubwa zaidi, na mtu akishaingia hasikii.

Mwezi wa kwanza wapimaji walikuwa wamepita. Walikuwa vijana watatu wenye kofia za plastiki, hawakuongea na mtu, wakapigilia vigingi vyekundu kuvuka kijito mpaka upande wetu, vingine ukingoni kabisa mwa shamba la mama. Wenzetu waliopakana na mgodi wa dhahabu walikuwa wameshawahi kulipwa fidia na kuhama, kwa hiyo kila kigingi kwetu kilikuwa habari. Mwalimu alitembea akavitazama, akarudi mezani, akaagiza chai, akasubiri watu watulie. "Mgodi unavuka kijito," akasema. "Kabla masika hayajakatika wathamini watakuwa huku, na kila chumba, kila mti, utahesabiwa. Mwenye akili ajiandae." Kujiandaa kwetu kulikuwa na jina. Tuliita kutegesha. Mtu anajenga vyumba ambavyo hatalala, anapanda miti ambayo hatakula matunda yake, mahali anapodhani mgodi utapachukua, ili fidia ikija imkute amejaa. Kwingine watu wanategea kwale, sisi tulitegea mthamini. Wiki ile ile misumari iliisha madukani.

Mama hakuwa mtu wa redio. Alikuwa na ng'ombe watatu na shamba moja la ulezi, udongo mwekundu laini, ambalo kila mwaka lilimjazia ghala. Siku ya kupanda ulezi ilikuwa imekaribia. Nilimweleza maneno ya mgahawani, akaendelea kuchambua mboga. Mwishowe akasema, "Kamuulize huyo Mwalimu wako vizuri, wewe na yeye, si mbele ya watu. Asije akawa anatuletea yale ya mahindi." Nikaenda. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mgahawa mtupu, Mama Nyangi yuko uani anasuuza masufuria. Mwalimu alikuwa ananawa mikono.

"Shikamoo Mwalimu. Hili la mgodi, nani amekwambia?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Anayeuliza ni nani?"

"Ni mama. Anataka kujua apande ulezi au ajenge."

Alikausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Sikuwahi kumwona akichelewa kujibu. "Hakuna aliyeniambia, Ghati," akasema. "Nimeona vigingi, nimejumlisha. Wale pale wanapenda nikisema kwa nguvu, na mimi, Mungu anisamehe, napenda wakinyamaza kunisikiliza. Mwambie mama yako hivi: lingekuwa shamba la mama yangu mzazi, ningepanda ulezi."

Hilo ndilo alilosema. Nimelikumbuka neno kwa neno mpaka leo. Nilitembea kurudi nyumbani nikipitia kwenye vigingi, nikavihesabu, nikaifikiria ile bahasha ya kaki, nikafikiria wasichana niliosoma nao ambao tayari walikuwa wamevaa sare nyeupe. Nilipofika mama alikuwa amekaa mlangoni, kikapu cha mbegu miguuni. "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema ni hakika. Ana mtu wake ofisini, amemthibitishia." Yule mtu wa ofisini nilimzaa pale pale mlangoni. Mama alinitazama kidogo. "Ana mtu ofisini?" "Ndiyo, mama." Akainama akachukua kikapu cha mbegu, akakirudisha ndani.

Ng'ombe waliuzwa wote watatu. Kwetu Wakurya mama kuuza ng'ombe wa mwisho si jambo la kusimulia ukiwa unakula. Alisimama kwenye lango la zizi mpaka yule mwenye baka jeupe usoni alipopotea kwenye kona, halafu akafunga lango la zizi tupu, kama desturi ya kila siku. Ng'ombe wale wakageuka mabati, miti na mafundi. Vikasimama vyumba tisa vya udongo katikati ya shamba la ulezi, kwa mistari mitatu, milango haina mbao, na kati yake michungwa iliyobanana hata kuku alipita kwa ubavu. Majirani walifanya vivyo hivyo. Ukisimama juu ya kilima uliona kama mji mpya, mabati yanang'aa, moshi hauonekani popote. Mimi nilikuwa na furaha, jamani, nisidanganye. Jioni nilipita chumba hadi chumba nikigusa kuta mbichi. Hiki ni sare, hiki ni mwaka wa kwanza, hiki ni vitabu. Masika yakaja, mvua nzuri ambayo ulezi ungeshukuru, ikanyesha juu ya mabati.

Mwezi wa sita wakaja watu wa mabomba. Wakafuata vigingi vyekundu, kimoja baada ya kingine, wakachimba mtaro, wakalaza bomba jeusi kutoka juu kwenye chanzo, likapita ukingoni mwa shamba letu, likaenda kuishia shule ya msingi. Ulikuwa mradi wa maji. Barua yake ilikuwa imesomwa kwenye kikao cha walimu mwezi wa kwanza ule ule, siku ambayo Mwalimu Shabani hakuhudhuria kikao kwa sababu alikuwa mgahawani akituchambulia vigingi. Bomba likafunguliwa, watoto wakapiga makofi, maji safi kabisa. Kesho yake Mchambuzi aliingia, akakaa, akafungua gazeti. "Maji kwanza," akasema, "dhahabu baadaye. Hii ndiyo dalili yenyewe."   Mama Nyangi alitoka jikoni, akachukua kikombe kilichokuwa mbele yake, akasema, "Mwalimu, leo chai imekwisha." Birika lilikuwa jikoni linachemka, kifuniko kinaruka, na sote tulikuwa tunalisikia. Akakunja gazeti akatoka. Na mimi, mshenzi mimi, nilikunja uso pamoja na wengine kama vile hainihusu.

Julai ndiyo ghala huwa linajaa. La kwetu lilikuwa na panya mmoja na ungo. Tulikula muhogo wa kununua, na uji mwembamba ambao unaona kitako cha bakuli. Mama alikuwa akinigawia mimi fungu kubwa, akisema yeye alikula kwa jirani, na majirani nao walikuwa na vyumba kama sisi, wangempa nini?  Mara kumi nilitaka kumwambia. Mara kumi nikajisemea kesho. Hakuwahi kunilaumu, wala kumlaumu Mwalimu, na ule ukimya wake ulinichoma kuliko ningepigwa. Nilitamani anipige.

Halafu kukawa na jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa upesi. Ili shamba lirudi kuwa shamba, ilibidi vyumba vibomolewe, miti ing'olewe, udongo ulioshindiliwa ulimwe upya, na hiyo si kazi ya wanawake wawili. Kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita risaga: majirani wanakuja na majembe siku moja, wanamaliza, na wewe unawapa kinywaji cha ulezi. Bila kinywaji hakuna risaga. Si kwamba watu wana roho mbaya, ni kwamba hutathubutu kuwaita. Sasa mama hakuwa na ulezi. Ili apate ulezi alihitaji shamba, ili apate shamba alihitaji risaga, na ili aite risaga alihitaji ulezi. Nilimkuta siku moja amekaa ndani ya ghala tupu, mikono magotini. Mama yangu, ambaye kwenye misiba ndiye aliyewabembeleza wengine, alikuwa analia bila sauti. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole ili asijue nimemwona.

Sijui Mama Nyangi alimwambia Mwalimu au aliambiwa na nani. Jumamosi moja mchana aliingia uani kwetu akisukuma baiskeli, magunia mawili ya ulezi yamefungwa nyuma kwa mpira, jasho linamtiririka. Redio ilikuwa haimpigii tena. Alisimama mbele ya mama kama mwanafunzi aliyechelewa. Alianza, "Mama Ghati, hali ya mambo kwa ujumla..." na mama akainua mkono. "Weka hapo," akasema. "Jumamosi ya pili kutoka leo ni risaga. Jembe unalo?" Hakuwa nalo. Mama akampa la baba.

Na alikuja. Mtu wa chaki yule, jembe alilishika kwa vidole, na saa nne asubuhi viganja vilikuwa vimechubuka, watu wanamtania waziwazi, "Mchambuzi, mstari wako umesita?"  Alilima, akabeba udongo, akashusha mabati, kimya, siku nzima. Mchana wakati watu wamepumzika na kinywaji chao nilimwona amekaa na mama kwenye ukuta wa chumba cha mwisho, kile cha kona kilichopakana na uwanja wetu. Alikuwa anaongea, kichwa chini, muda mrefu. Mimi nilikuwa jikoni, mbali, sikusikia kitu. Nilishika mwiko, nikisema leo ndiyo leo. Halafu mama akacheka. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza toka mwezi wa sita.  Nikajua hajaambiwa, maana nani angecheka? Jioni walipofika kwenye kile chumba cha kona na nyundo, mama akawazuia. "Hiki kiacheni."

Mabati ya vyumba vinane yalinunuliwa na kanisa, wakaezekea, na mabati hayo ndiyo yaliyonipeleka chuo. Mama alinipa mimi yote. Niliyapokea. Nilikwenda, nikasoma, nikapangiwa kazi Serengeti halafu Tarime, na kwa miaka yote hiyo sikukosa kuja nyumbani mwisho wa mwezi, mvua au jua, na sukari na sabuni na dawa zake za presha. Watu walinisifu, binti mwema. Nilijua kilichokuwa kinanisukuma. Mwaka jana, alipokuwa hajiwezi tena, nilikaa kitandani kwake nikasema, "Mama, kuna jambo la mwaka ule wa vyumba." Akafumba macho. "Nipe uji," akasema. Nikampa uji. Sikurudia tena, naye akaondoka.

Basi Ijumaa asubuhi, siku iliyofuata mazishi, nilimpelekea Mwalimu uji kule kwenye cha tisa. Alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani, anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Umeamkaje, Mwalimu? Shikamoo."

"Marahaba, Ghati. Huu ukuta nilisaidia kuubakiza." Alipokea bakuli, akapuliza, akanywa kidogo. "Sasa mama yako amekwenda, naweza kukwambia. Siku ile ya risaga nilimweleza."

"Ulimweleza nini?"

"Kwamba ulikuja kuniuliza. Na nilivyokujibu, habari ya kupanda ulezi."

 Nikakaa juu ya gunia. Miaka yote ile. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiingia kwenye ule uwanja na siri yangu, na niliyemficha alikuwa ameshaijua, ananipokea kikapu.

"Alikasirika?" nikauliza.

"Aliokota donge la udongo akalivunja. Halafu akasema, 'Ghati asijue kwamba najua. Akijua, aibu itamfukuza hapa.'" Akanywa tena, akafuta mdomo. "Mimi nikamwambia, Mama Ghati, usijisumbue. Huyu binti ajue asijue, akishapata chuo hatarudi Nyangoto. Nimefundisha miaka thelathini, nawajua wanaoondoka. Nilimwambia nina uhakika. Ndipo aliponicheka, unakumbuka? Alinicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, 'Wewe Mwalimu, acha. Hicho cha kona msikibomoe. Ni cha kulala Ghati akija.'"

Nililia. Sikulia siku ya mazishi, nilikuwa na sinia na wageni na watoto wa watu, lakini pale juu ya gunia la ulezi nililia kwa sauti mpaka wanangu wakaja mlangoni, nikawafukuza kwa mkono. Nilikuwa namuomba mama msamaha na hapo hapo nina hasira naye, kwamba alinibebea kitu hiki peke yake, tena akacheka.  Mwalimu alimaliza uji wake, akakwangua bakuli kwa kijiko, akakaa nalo mapajani, macho yake mabovu yakielekea mlangoni kwenye mwanga.

"Kwa hiyo na hilo nalo nilikosea," akasema. Katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia hilo neno kinywani mwake. Akainua kile kidole. "Andika, Ghati. Hilo liandike."

Nikachukua bakuli, nikaenda jikoni kumwongezea uji.